Chumba kimoja, cherehani na masika: vitu vyote hivi niviweke wapi?

Mwalimu wa Sinza

Habari zenu, ndugu zangu. Naomba ushauri wa watu waliowahi kuishi katika chumba kimoja kwa muda mrefu, kwa sababu ushauri wote niliopewa mpaka sasa umetoka kwa watu wenye nyumba za vyumba vitatu.

Nimepanga Sinza, hapa Dar es Salaam. Chumba kina urefu wa mita 4 na upana wa mita 3, kina choo na bafu ndani, na kwenye kona moja mwenye nyumba amejenga meza ya zege yenye sinki, ambayo ndiyo jiko langu. Kutoka sakafuni hadi kwenye dari ya jipsamu ni mita 2.7. Humo ndani kuna kitanda cha tano kwa sita, cherehani ya mguu niliyoachiwa na mama, mtungi wa gesi wa kilo 15, madumu manne ya lita 20 kwa ajili ya siku ambazo bomba hukauka, nguo zangu, vitambaa vya wateja, na madaftari ya wanafunzi ambayo kila muhula hurudi nami nyumbani kana kwamba nayo yamepanga.

Mwaka jana nilinunua kabati la MDF, yaani mbao za unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, kwa sababu lilikuwa na rangi ya kupendeza. Masika yalipofika, sehemu yake ya chini ilivimba, milango ikagoma kufunga, na nguo zilizokuwa upande wa ukutani zikaota ukungu. Kabati nimelitoa. Sasa nguo zimo ndani ya mabegi mawili ya shangazi kaja juu ya kiti changu cha pekee, na mgeni akija hukaa kitandani.

Nauliza mambo matatu. Je, ni busara kukiinua kitanda juu kabisa, karibu na dari, ili chini yake pawe ofisi, kama ninavyoona kwenye picha za nje? Nguo nizihifadhi vipi zisipate ukungu tena? Na nifanyeje kuhusu rafu, ikiwa mwenye nyumba hataki ukuta wake utobolewe, isipokuwa tundu moja au mawili na kwa ruhusa yake?

Fundi wa Keko

Mwalimu, mimi ni seremala na swali la kitanda cha juu huulizwa mara nyingi. Mimi hujibu kwa kuchukua futi na kupima mbele ya mteja. Dari yako ni mita 2.7. Ili mtu mzima aketi kitandani bila kugonga kichwa anahitaji karibu mita moja juu ya godoro. Godoro la inchi 6 ni sentimita 15, fremu na chaga zake ni sentimita 10 hivi. Ukitoa vyote hivyo, chini ya kitanda inabaki mita 1.45. Hiyo si ofisi, kwa kuwa hutaweza hata kusimama wima ndani yake. Picha ulizoziona huenda ni za nyumba zenye dari ndefu kuliko yako. Tena, kama una panga boi, kulala karibu nalo ni hatari, na kama huna, joto lote la chumba hupanda huko juu ambako wewe umelala. Chandarua nacho kitafungwa wapi?

Ninachokushauri ni kukiinua kitanda kwa kiasi. Kitanda cha tano kwa sita hula takriban mita za mraba 2.8, yaani karibu robo ya sakafu yako, na watu wengi huiachia robo hiyo viatu na vumbi. Tukiacha nafasi ya sentimita 40 kutoka sakafuni hadi kwenye chaga, unapata zaidi kidogo ya mita moja ya ujazo, ambayo ni sawa na kabati la wastani, na bado utapanda kitandani bila stuli. Waswahili walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na nadhani aliyesema hivyo hakuwa na droo zenye magurudumu. Nitakutengenezea mbili za upande wa miguu na mbili za ubavuni, za mbao za msonobari na plaiwudi, zenye matundu ya hewa. Lakini maana ya methali ibaki palepale: vya kila siku visiwe huko. Weka mvunguni mashuka ya akiba, mabegi, na vitambaa vya wateja ambavyo zamu yake haijafika.

Chaga zisizibwe kwa ubao mzima, hata kama mtu atakuambia ubao ni imara zaidi. Godoro lisilopata hewa kwa chini hushika unyevu wa jasho, na unyevu huo utashuka kwenye vitu vyako.

Kuhusu rafu, usitundike kitu chochote chenye uzito kwenye jipsamu. Jenga rafu ya kusimama yenyewe, ya mabomba ya chuma ya mraba ya inchi moja, kutoka sakafuni hadi sentimita 20 kabla ya dari, na mbao za plaiwudi ya milimita 18. Uzito wote utabebwa na sakafu. Yale matundu mawili ya mwenye nyumba utayatumia juu kabisa, kuishikiza rafu ukutani isije ikaanguka mbele siku mtoto wa jirani atakapoipanda.

Jambo moja ambalo wateja hawalifikirii ni kina. Kabati la kutundika nguo kwa henga linahitaji kina cha sentimita 55 au 60, kwa kuwa henga yenyewe ina upana wa karibu sentimita 45. Nguo zilizokunjwa zinatosha kwenye rafu ya sentimita 35. Katika chumba cha upana wa mita 3, sentimita 25 hizo ndizo njia yako ya kupita. Kunja nguo zote, acha magauni machache na suti yatundikwe kwenye kipande kimoja kifupi nyuma ya mlango.

Mwana wa Mkomani

Mwalimu, nakuandikia kutoka Lamu, ambako unyevu ni mwenzetu wa mwaka mzima, kwa hiyo nitajikita kwenye swali lako la pili. Ila nianze na ukuta.

Nyumba za kale za hapa, zile za mawe ya matumbawe, zilikuwa na vyumba vyembamba kuliko chako. Upana wake uliamuliwa na urefu wa boriti za mkoko zilizobeba sakafu ya juu, na boriti hazikuweza kuvuka nafasi kubwa, basi chumba kilikuwa kirefu lakini chenye upana wa mita mbili na nusu, pengine karibu na tatu. Wazee hawakujaza makabati ndani yake. Walichonga ukuta wenyewe, wakaweka zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, safu kwa safu hadi juu, za kuwekea vyombo vya kauri, vitabu na taa. Sakafu ilibaki tupu kwa ajili ya watu. Wewe huna ukuta mnene wa kuchonga, lakini rafu ya Fundi ni ndugu ya zidaka: haina kina kirefu, inapanda juu, na kila kitu unakiona bila kukifukua chini ya kingine.

Jikoni tulikuwa na susu, kamba za usumba zilizosukwa na kuning'inizwa ili chakula kisifikiwe na paka wala siafu. Kwenye kona yako ya sinki, susu moja ya vitunguu, ndimu na nazi itakuondolea kikapu kimoja sakafuni. Kwa kuwa dari yako ni jipsamu, ndoano iingie kwenye mbao iliyo juu ya jipsamu na si kwenye jipsamu yenyewe. Ukigongagonga kwa kidole utajua mbao ilipo, maana hapo sauti huwa nzito, si ya mahali patupu.

Sasa ukungu. Kosa la kabati lako halikuwa MDF peke yake, ingawa ni kweli kwamba hunywa maji na haitapiki. Naamini liligusa ukuta, na ukuta huo ama ni wa nje au ni wa bafuni. Ukuta wa aina hiyo huwa baridi na mbichi, na hewa iliyobanwa kati yake na kabati haitembei. Sogeza rafu mbele kwa upana wa kiganja, inyanyue juu ya miguu ya sentimita 10, na uipe ukuta wa ndani kama unao. Nguo isiingie rafuni mpaka iwe imekauka kweli, maana ile iliyoanikwa jioni ya mvua na kuguswa ikaonekana kavu bado ina maji kwenye pindo na mifuko. Mabegi ya shangazi kaja yanafaa kwa safari. Kwa kuhifadhi nguo wakati wa masika ni sawa na kuzifunga ndani ya nailoni.

Mtakuja kuambiwa mweke vidonge vya naftalini. Mimi sivipendi katika chumba ambamo mtu analala. Mvuke wake hauna faida kwa mapafu, na kwa watu wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hasa watoto wachanga, unaweza kuvunja chembe nyekundu za damu. Tena naftalini hufukuza nondo, haizuii ukungu. Sisi hufukiza udi, na sitadai kwamba unakausha nguo. Unazipa harufu nzuri tu, na kukulazimisha uzitoe na kuzikung'uta kila baada ya muda, ambayo pengine ndiyo faida yake kubwa.

Mpangaji wa Roysambu

Nimeishi miaka sita katika chumba kimoja Nairobi, na nakubaliana na yote isipokuwa jambo moja ambalo hamjaligusa, nalo ni mtungi wa gesi. Mwalimu, mvungu ukishapata nafasi utashawishika kuuficha mtungi humo. Usifanye hivyo. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutambaa sakafuni na kujikusanya mahali palipofungika. Mtungi usimame wima, karibu na dirisha au mlango, mahali unapoweza kuufunga kwa mkono bila kusogeza droo. Na yeyote atakayekushauri kufunika rafu kwa pazia badala ya milango, mwulize kwanza pazia hilo litakuwa umbali gani kutoka kwenye moto.

Halafu, kwa heshima zote kwa Fundi, kabla ya kununua hata ubao mmoja fanya nilivyofanya mimi. Nilibandika kipande cha karatasi chenye tarehe kwenye kila sanduku na kila begi, na kila nilipolifungua niliandika tarehe mpya. Baada ya miezi mitatu, masanduku manne yalikuwa bado na tarehe ya kwanza. Mawili niliyatuma nyumbani kwa wazazi kwa basi, moja nikaligawa, na la nne lilikuwa na nyaya za simu ambazo sikuwa nazo tena. Rafu niliyokuwa nimepanga kuitengeneza haikuhitajika.

Mwalimu wa Sinza

Nawashukuru sana. Dada wa Lamu umenigundua bila kufika kwangu: kabati lilikuwa limeegemea ukuta wa bafuni. Karatasi za tarehe nimeshazibandika jana usiku, na nakiri kwamba begi moja nililibandika bila kukumbuka kilichomo.

Limebaki suala la cherehani. Imewekwa mbele ya dirisha kwa ajili ya mwanga, na hakuna mahali pengine pa kuweka meza ya kusahihishia madaftari. Nimekuwa nikisahihisha kitandani, na mgongo umeanza kulalamika. Je, Fundi unaweza kunitengenezea meza ya kukunja ukutani kwa matundu yale mawili?

Fundi wa Keko

Ninaweza, lakini sitaki kuchukua fedha yako kwa kitu ulicho nacho. Hebu tazama chini ya meza ya cherehani yako. Nyingi za mguu, hasa za zamani, kichwa chake kimefungwa kwa bawaba kwa nyuma. Unatoa ukanda kwenye gurudumu, unakikunja kichwa kining'inie ndani chini ya meza, kisha unafunika pengo kwa ubao wake. Upande wa kushoto huwa kuna jani la mbao linalofunguka na kuongeza urefu. Ukifanya hivyo una meza ya kusahihishia mbele ya dirisha, na matundu yako mawili yanabaki kwa ajili ya rafu. Kama bawaba zimeshika kutu, tia mafuta ya cherehani, acha usiku mmoja, usilazimishe kwa nyundo. Kama ubao wa kufunikia umepotea, nipe kipimo cha pengo na nitakata mwingine.

Ndugu wa Roysambu, sikukasirika. Mteja anayejua anachohifadhi hunipunguzia kazi ya kurudia. Hata maneno yako juu ya pazia ni ya kweli. Nilikuwa nimepanga kupendekeza pazia la kanga, na sasa nitalipendekeza kwa upande ulio mbali na sinki tu.

Madumu ya maji, Mwalimu, yapange chini kabisa ya rafu, yote manne. Kila moja likijaa lina kilo 20, na kilo 80 zikiwa chini zitaifanya rafu isiyumbe. Vitabu na madaftari viwe usawa wa kiuno, nguo juu yake, na kule karibu na dari uweke vyepesi tu, kama blanketi na mito. Chini ya mbao ya madaftari nitaongeza nguzo ya katikati, kwa sababu mita moja ya rafu iliyojaa karatasi huweza kupita kilo 20, na plaiwudi ikishapinda hairudi.

Nami nina sharti moja. Rafu na kitanda vyote vitafungwa kwa nati na bolti, hakuna kuchomelea. Wewe ni mpangaji, na siku mkataba utakapokwisha utataka kuvitoa humo. Nimewahi kuona kitanda kilichochomelewa ndani ya chumba kikikatwa kwa msumeno ili kipite mlangoni. Nitumie upana wa mlango wako na wa ngazi, kama upo ghorofani, pamoja na umbali kutoka ukuta wa ndani hadi ukingo wa dirisha.

Mwalimu wa Sinza

Kichwa cha cherehani kimekunjika, Fundi. Kililia kidogo, kisha kikashuka. Ubao wa kufunikia haupo, na pengo lina sentimita 47 kwa 18. Mlango una sentimita 80, nipo ghorofa ya kwanza, na ngazi ina kona moja yenye upana wa sentimita 95. Kutoka ukutani hadi dirishani ni mita 1.6. Mwenye nyumba amekubali matundu mawili, na amesema atakuja mwenyewe kuyahesabu.