Naomba ushauri: nataka kubobea kwenye miti ya msituni

Wakuu, habari za saa hizi. Nina miaka 26, stashahada ya misitu na kibarua cha kusaidia watafiti huku Amani, Usambara. Mzee mmoja kanifundisha kuujua mti bila kuangalia majani: anakwangua gome kwa panga, ananusa, anangoja utomvu. Mkulo, kwa mfano, unanukia kafuri.

Tangu mti wa Tessmannia princeps wa milima ya Udzungwa, jitu la mita 40, utangazwe rasmi kuwa spishi mpya mwaka 2025, sina usingizi.

Sasa nisome botania Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) au misitu Chuo Kikuu cha Sokoine (SUA)? Mama anataka ualimu, anasema miti hailipi kodi ya nyumba. Mliopita huko, ajira zipo, au ni mikataba ya miezi mitatu mitatu kama yangu?