Chicago 2023: aliyeongoza duru ya kwanza alikosaje umeya?

Mwalimu wa Uraia, Uyole, Mbeya
Habari zenu, ndugu zangu. Juzi tulipofika kwenye mada ya serikali za mitaa, mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu aliniuliza swali ambalo sikulijibu vizuri. Katika uchaguzi wa meya wa Chicago, Februari 2023, Paul Vallas aliongoza kwa karibu asilimia 33 ya kura, na Brandon Johnson alipata chini ya asilimia 22, lakini aliyeapishwa ni Johnson. Kijana anaamini kura ziliibwa. Nimweleze vipi, ikiwa hapa Mbeya wananchi hatumpigii meya kura kabisa?

Mkazi wa Kihesa, Iringa
Mwalimu, hakuna kura iliyoibwa. Wagombea walikuwa tisa, na Chicago humtaka mshindi avuke nusu ya kura. Asipopatikana, wawili wa juu hurudi kwa wapiga kura. Duru ya pili ilifanyika tarehe 4 Aprili, Johnson akashinda kwa takriban asilimia 52. Hata meya aliyekuwa madarakani, Lori Lightfoot, alikwishaondolewa katika duru ya kwanza kwa kushika nafasi ya tatu. Mkumbushe pia kwamba nasi mwaka 1995 mgombea urais alihitaji zaidi ya nusu ya kura. Sharti hilo liliondolewa kwa marekebisho ya Katiba ya mwaka 2000.

Diwani mstaafu, Njombe
Mwenzangu amejibu vema kuhusu hesabu, ila mimi naona lililo zito zaidi ni nani anawajibika kwa nani. Kwetu meya ni diwani anayechaguliwa na madiwani wenzake, na utendaji wa kila siku wa halmashauri uko mikononi mwa mkurugenzi aliyeteuliwa na Rais. Meya wa Chicago huandaa bajeti na kumteua mkuu wa polisi, huku baraza lenye wajumbe 50 likiidhinisha, kwa hiyo mkazi anayelala kwa hofu mtaani kwake anajua mlango wa kubisha. Si miji yote ya Marekani iliyo hivyo: Phoenix na Dallas huchagua meya kwa kura za wananchi, lakini utendaji huachiwa meneja anayeajiriwa na baraza, na ambaye baraza hilohilo linaweza kumwondoa. Nilipokuwa diwani, akina mama wa sokoni walinijia kuhusu mtaro uliokuwa umeziba, wakiamini kwamba mwenyekiti wetu wa halmashauri akitamka tu kesho yake utazibuliwa. Hakuwa na mamlaka hayo, na iliniuma sana kuwaeleza.

Mwalimu wa Uraia, Uyole, Mbeya
Shikamoo, mzee wangu, nawashukuru nyote wawili. Jumatatu darasa litachagua kiranja kwa duru mbili, kisha wawakilishi wa madawati watamchagua mwingine peke yao, na yule kijana ndiye atakayehesabu kura mbele ya wenzake.