Pointi 4/20 juu ya mwandishi Lomami Tshibamba eti "mtu wa Brazza" (Brazzaville, ng'ambo ya mto), hii hapana!!

Bandugu niko hapa Lubumbashi, Katuba, na tangu jana moto unaniwaka. Mwalimu wa Kifaransa wa mdogo wangu wa kike aliwaambia kila mtu achague mwandishi Mkongomani aeleze maisha na kazi yake. Mtoto akachagua Paul Lomami Tshibamba. Nilimtafutia Ngando, kitabu cha huyo mzee, mu ville yote, librairi hakuna, mwisho nikapata fotokopi haina hata ganda, kurasa za nyuma wino umefifia, alikuwa anaisoma usiku na tochi ya simu, maneno asiyoyajua anayaandika pembeni na krayo.

Karatasi imerudi 4/20. Kwa biki nyekundu: "huyu ni mtu wa Brazza", na chini yake "hadithi za ndoki si fasihi" (ndoki, yaani wachawi).

Mtu wa Brazza kivipi?? Alizaliwa kule 1914, sawa, lakini alikulia huku upande wetu, na 1945 aliandika mu gazeti La Voix du Congolais kuuliza nafasi yetu itakuwa gani mu dunia ya kesho, swali tu bandugu, swali! Wabelji wakamwandama, maswali juu ya maswali, akaishia kuvuka mto, na kule Brazza kuanzia 1950 akaongoza gazeti la Liaison. Sasa mtu aliyesumbuliwa kwao mpaka akahama, leo tunamnyang'anya na kwao pia? Eti na Brussels ndiko alikofia 1985. Basi na mwandishi Mudimbe wa Likasi, na mashairi yake yote, tumtupe juu aliishi Marekani!

Na hiyo ya ndoki ndiyo inaniuma zaidi. Mu Ngando mtoto anatoroka masomo, anaenda kuoga mtoni, mamba anamchukua, baba anamfuata mpaka kwa mizimu. Huyo mamba ni namna wazee wetu walikuwa wanaelewa kifo cha mtoto, na mzee aliiandika kwa Kifaransa chini ya ukoloni, 1948, ikapata zawadi kulekule Brussels. Wabelji waliona ni fasihi, mwalimu wetu haoni!

Mdogo wangu hajalia, amekunja ile fotokopi akaiweka chini ya godoro. Lundi (Jumatatu) naenda kule masomo mimi mwenyewe. Mwenye kitabu chake kingine, N'Gobila des Mswata, hata fotokopi, aniandikie, nalipa franga ya mashini na ya transpo.