Viti vinne vya maili London–Tokyo, Desemba mwakani: nikate mapema au nisubiri?

Mama_Wawili
Wakuu, habari za muda huu. Naomba ushauri kwa wanaojua mambo ya maili za ndege, yaani pointi za wateja zinazolipia tiketi. Tuko wanne: watu wazima wawili na watoto wa miaka 9 na 6. Tunaondoka London kwenda Tokyo tarehe 18 Desemba mwakani, tunarudi tarehe 3 Januari. Nina Avios, yaani maili za British Airways, na nyingine bado ni pointi za kadi ya benki ninazoweza kuzihamishia huko. Kuna wanaosema viti vya maili hufunguliwa karibu mwaka mzima kabla ya safari, wengine wanasema vinaachiwa wiki mbili za mwisho. Nani yuko sahihi? Na hizo pointi za benki nizihamishe sasa hivi?

KitiDirishani
Wote wako sahihi, ila hawazungumzii viti vilevile. Kuna viti ambavyo shirika linavitenga kwa ajili ya maili tangu siku ndege inapoingia kwenye mfumo. Halafu kuna vile ambavyo shirika lilitaka kuviuza kwa fedha taslimu, vikakosa mnunuzi, likaviachia siku za mwisho visije vikaruka vitupu. Katikati ya vipindi hivyo viwili, njia zenye watu wengi huwa kavu. Ukikiona kiti kipindi hicho, mara nyingi kuna mtu ameghairi.

Msafiri wa peke yake mwenye tarehe zinazonyumbulika anaweza kusubiri, na wakati mwingine akapata daraja la biashara siku tatu kabla. Ninyi wanne, Desemba, shule zimefungwa? Usisubiri kabisa. Viti vya mwisho hutoka kimoja au viwili, na msimu huo ndege inajaa abiria wa kulipa, kwa hiyo shirika halina sababu ya kuachia chochote.

Una bahati ya shirika pia. Kwenye ndege zake za masafa marefu British Airways imeahidi kutenga angalau viti 8 vya daraja la kawaida, 2 vya daraja la kawaida la juu na 4 vya daraja la biashara. Hufunguliwa siku 355 kabla ya kuondoka, saa 6 usiku kwa saa za Greenwich. Angalia hesabu hiyo vizuri: mkitaka daraja la biashara, ninyi wanne ndiyo fungu zima. Familia nyingine ikiwatangulia kwa dakika tano, hamna kitu.

Hesabu355
Naongezea hesabu ya tarehe, maana watu wengi hukosea hapa. Mwaka una siku 365, na 365 ukitoa 355 inabaki 10. Kwa hiyo chukua tarehe ya safari, ongeza siku 10, kisha rudi mwaka mmoja nyuma. Safari ya tarehe 18 Desemba inafunguliwa tarehe 28 Desemba ya mwaka unaotangulia. Ya kurudi tarehe 3 Januari inafunguliwa tarehe 13 Januari ya mwaka unaotangulia. Kama kati ya siku ya kukata na siku ya kuruka ipo tarehe 29 Februari, ongeza 11 badala ya 10.

Njia hiyohiyo inafaa kwa mashirika mengine. American Airlines hufungua siku 331 kabla, kwa hiyo unaongeza 34. United ni siku 337, unaongeza 28. Japan Airlines ni siku 360, unaongeza 5.

Angalieni pia saa. London ikiwa kwenye majira ya joto, saa 6 usiku ya Greenwich ni saa 7 usiku pale. Desemba na Januari hakuna tofauti. Aliye nchi nyingine ageuze kwa saa zake, tena ahakikishe hajakosea siku nzima, kwa sababu usiku wa manane ndipo tarehe inapobadilika.

Mama_Wawili
Asanteni sana. Sasa mbona kurudi kunafunguliwa siku 16 baada ya kwenda? Nikate vipi tiketi ya kwenda na kurudi?

Rubani_wa_Pointi
Usikate ya kwenda na kurudi. Kata mbili za upande mmoja: ya kwenda usiku wa kuamkia tarehe 28 Desemba, ya kurudi usiku wa kuamkia tarehe 13 Januari. Ukisubiri zote ziwe wazi ndipo ukate kwa pamoja, viti vya kwenda vitakuwa vimeisha wiki mbili nyuma.

Wasiwasi ni kupata kwenda na kukosa kurudi. Tiketi hizi za Avios unaweza kuzighairi hadi saa 24 kabla ya kuruka, ukarudishiwa Avios na kodi baada ya kukatwa ada kwa kila msafiri. Ada hiyo ndiyo gharama ya kushika nafasi. Usilipie hoteli isiyorudisha fedha kabla ya tarehe 13 Januari kupita.

Kuhusu pointi za benki: ukihamisha hurudishi tena. Kwa anayewinda viti vya dakika za mwisho kanuni ni kuona kiti kwanza, ndipo uhamishe. Kwako ni kinyume, kwa sababu saa 6 na dakika moja huna muda wa kusubiri benki. Uhamisho mwingine huingia papo hapo, mwingine huchukua siku kadhaa, na akaunti mpya ikiunganishwa kwa mara ya kwanza benki inaweza kuisimamisha ili ihakiki. Anza wiki mbili kabla na kiwango kidogo kabisa kinachoruhusiwa. Kikiingia salama, hamisha kiasi unachohitaji tu, si akiba yote. Jina benki na jina kwenye akaunti ya maili lazima yafanane.

Kama mmeunganisha Avios kwenye akaunti ya kaya, unaweza kuwakatia tiketi walio ndani ya kaya hiyo na walio kwenye orodha yako ya ndugu na marafiki tu. Waandikishe watoto mapema. Kuna watu hukutana na kizuizi hiki wakiwa tayari kwenye ukurasa wa malipo.

KitiDirishani
Usiku wenyewe fanya hivi. Robo saa kabla, ingia kwenye akaunti na uhakikishe haijakutoa. Majina yote yawe yamehifadhiwa kama yalivyo kwenye pasipoti, kwa kuwa jina la tiketi halihamishwi kwa mtu mwingine. Simu inayopokea namba ya uthibitisho wa kadi iwe mkononi na ina chaji. Saa 6 kamili tafuta watu wanne. Ukiambiwa hakuna, usikate tamaa: tafuta wawili, kisha mmoja. Mfumo ukikosa viti vinne pamoja unasema hakuna kabisa, hata kama vitatu vipo.

Kwenye mashirika yanayopandisha na kushusha bei ya maili, kosa hili hugharimu kwa namna nyingine. Tuseme viti viwili vipo kwa maili 30,000 na vinavyofuata ni 45,000. Ukitafuta wanne, mara nyingi wote wanapewa bei ya 45,000. Kata wawili wawili.

Mchana_Usiku
Msisahau Japan Airlines, nao wanaruka Heathrow (London) hadi Haneda (Tokyo) na wako oneworld, kundi moja la mashirika na British Airways, kwa hiyo Avios zinafanya kazi. Ila wanachama wao huviona viti siku 360 kabla, wewe wa British Airways unaviona siku 355 kabla. Siku tano hizo zinatosha kabisa kumaliza viti vya Desemba. Wachukulieni kama akiba.

Kwenye ndege za washirika kuna pia viti hewa: kiti kinaonekana kwenye matokeo, ukifika kulipa mfumo unagoma. Hutokea kumbukumbu za shirika moja zikichelewa kusasishwa kwa lingine. Kabla ya kuhamisha pointi yoyote kwa ajili ya kiti cha mshirika, kitafute kwenye tovuti ya shirika jingine la oneworld, kisha endelea hadi ukurasa unaoonyesha kodi. Kikipotea njiani, achana nacho.

Wanaopita Helsinki kwa Finnair, shirika la Finland, nao watafute kila kipande peke yake. Helsinki–Tokyo inaweza kuwa na nafasi lakini ukiiunganisha na London ikafichwa, au kinyume chake. Ukilazimika kukata vipande kwa tiketi mbili tofauti, jua kwamba ndege ya kwanza ikichelewa, ya pili haikusubiri wala haina wajibu kwako. Na watoto wadogo, mimi nisingethubutu bila kulala usiku mmoja katikati.

Hesabu355
Fedha nazo zipigiwe hesabu. Ukiondoka Uingereza kuna kodi ya abiria wa anga, na madaraja ya juu hutozwa zaidi. Watoto chini ya miaka 16 wakiwa daraja la kawaida hawatozwi, kwa hiyo kwa familia daraja la kawaida lina nafuu ambayo haionekani kwenye maili pekee. Kwenye malipo utapewa machaguo kadhaa: Avios nyingi na fedha kidogo, au kinyume chake. Ili kulinganisha, toa tozo kwenye bei ya tiketi ya kulipia, gawanya kwa Avios. Mfano: tiketi pauni 900, tozo pauni 300, Avios 50,000. Pauni 600 kwa 50,000 ni peni 1.2 kwa kila Avios. Fanya hivyo kwa kila chaguo, usibofye la kwanza kwa sababu liko juu.

Mama_Wawili
Nikipata viwili daraja la biashara na viwili la kawaida?

Rubani_wa_Pointi
Chukua, lakini kila daraja liwe na mtu mzima mmoja na mtoto mmoja, kwa tiketi mbili. Kisha piga simu waandike kumbukumbu ya kila tiketi kwenye nyingine. Hilo haliziunganishi kuwa moja, ila ndege ikifutwa mhudumu anajua mko pamoja. Baada ya hapo chungulia mara moja kwa wiki, na kila siku katika wiki mbili za mwisho. Viwili vya juu vikitokea, omba wale wa kawaida wapandishwe.

Fuatilia pia barua pepe za mabadiliko ya ratiba, hasa karibu na Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba, mashirika yanapobadili majira. Ndege ikifutwa, usikubali kurudishiwa Avios haraka haraka. Sheria ya Uingereza ya haki za abiria inahusu hata tiketi za maili, kwa hiyo una haki ya kupelekwa kwa ndege nyingine. Tafuta mwenyewe ndege inayokufaa kabla ya kupiga simu, uwatajie namba yake na tarehe.