MREJESHO: Ndege iliyochelewa kutoka Amsterdam na begi lililopotea

Wakuu, nimerudi. Niliuliza hapa kama nina haki yoyote baada ya ndege kutoka Amsterdam kutufikisha Dar tukiwa tumechelewa zaidi ya saa nne, na begi langu lisionekane.

Aliyenielekeza kwenye kanuni ya Ulaya namba 261 ya 2004, ile ya fidia kwa abiria ndege ikichelewa, ubarikiwe sana. Shirika lilijitetea kwa hitilafu ya kiufundi. Nikawajibu kwa hoja mliyonipa, kwamba Mahakama ya Haki ya Ulaya ilishasema mwaka 2008 kuwa hitilafu za kawaida si udhuru wa kukwepa fidia. Wamelipa euro 600 zote.

Begi ndiyo shughuli. Fomu ya PIR (ripoti ya mzigo usioonekana) niliyojaza kabla ya kutoka uwanjani imeniokoa. Siku 21 zilipopita, likahesabika limepotea, nikadai kwa Mkataba wa Montreal, mkataba wa kimataifa unaoyabana mashirika ya ndege kulipia mizigo. Nguo na viatu wamelipa. Kamera wamegoma, sina risiti. Na ile SDR 1,519 (SDR ni kipimo cha fedha cha IMF) ni ukomo tu wa malipo ya mzigo, msiipigie hesabu kama malipo ya kila mtu.

Wakala wa kunidaia fidia sikumtumia, makato yao yanatisha. Kamera bado naifukuzia, maana muda wa kufungua kesi ni miaka 2. Asanteni mno.