Roboti yangu ya One Must Fall yapigwa tu, pesa nizitie wapi?

kijana_mtopanga
Asalaam aleikum wadau. Laptopu yangu ni ya mtumba, gemu za kisasa haziwezi, basi rafiki akaniwekea One Must Fall 2097, ile ya maroboti ya mwaka 1994. Wallahi imeniteka. Nacheza mashindano nikitumia roboti aitwaye Jaguar. Mwanzo nilikuwa nawalaza wote, kila pesa ya ushindi naongeza nguvu za mikono. Sasa nimekutana na roboti mwengine, Katana, amenishinda kabisa. Kabla ngumi yangu haijatoka, keshanipiga na kuruka zake. Niongeze nguvu au ninunue bodi ngumu, chuma cha kujikinga?

La pili, nikicheza na mdogo wangu kwenye kibodi moja, yeye akibana vitufe vyake, roboti yangu yaganda. Tatizo ni gemu ama ni laptopu?

ba_salma_majengo
Waaleikum salaam. Mdogo wangu, nguvu wacha kabisa kwa sasa. Jaguar mwenye ngumi nzito na miguu mizito ni lori la bandarini: likikugonga utajua, lakini nani atasimama alingoje?

Pesa yote ya mbele tia kwenye kasi ya miguu. Wengi hudhani ni ya mateke peke yake, kumbe ndiyo inayokupa mwendo wa kusogea na kurudi nyuma. Ikishapanda, fuatisha kasi ya mikono. Bodi mwisho. Na usisahau kwamba baada ya pambano gharama ya matengenezo hukatwa, kwa hivyo roboti asiyepatikana hubakiwa na pesa nyingi kuliko aliyevaa chuma na bado anapigwa. Mimi naona hapo ndipo gemu hii inawapita nyingi zilizokuja baadaye: unajenga roboti wako kwa jasho lake mwenyewe.

Huyo Katana usimkimbilie. Simama mbali kidogo kuliko mguu wake unavyofika. Atachoka kungoja, ataruka. Akiwa hewani rudi nusu hatua, chuchumaa, na miguu yake ikikaribia chini mfyeke. Akianguka usirukeruke kwa furaha, sogea karibu umngoje anapoinuka. Rudia hivyo hivyo, bila pupa. Ukipigana kwenye ule uwanja wa mtambo wa umeme jihadhari na kuta, usikubali kusukumwa hadi pembeni.

Binti yangu hucheza nami baada ya Isha na hachagui rubani (mwendesha roboti) mwengine ila Ibrahim, kwa kuwa ni jina la babu yake. Ananifyeka vizuri tu, mashaAllah.

fundi_likoni
Hilo la kuganda ni kibodi, gemu haina kosa. Kibodi nyingi za laptopu hazina waya wa kila kitufe peke yake, vitufe vinashiriki njia kwa safu. Wawili wakibana vingi kwa pamoja, vyengine havisomwi. Tafuta pedi ya USB, ile ya kuchezea gemu, mmoja acheze nayo. Hata kibodi ya nje ya USB yafaa, mmoja atumie ile na mwengine ya laptopu.

kijana_mtopanga
Ahsanteni sana. Ba Salma, nimeuza ile nguvu ya mikono kichwani mwangu kabisa, kuanzia leo ni miguu tu. Pedi ntaitafuta nikivuka daraja kwenda mjini. Lakini mbona kwangu gemu yote yaenda polepole, hata huyo Katana wakati mwengine ni kama yuko ndani ya maji?

fundi_likoni
Unachezea DOSBox, ile programu ya kuendeshea gemu za zamani za DOS, sivyo? Shika Control ubane F12 mara kadhaa, kasi itapanda. Ikianza kukatakata sauti, rudisha kidogo kwa Control na F11. Laptopu nyengine hutaka ushike na Fn pia. Fanya hivyo kabla hujamrudia Katana, maana akiwa kwenye kasi yake kamili ule mfyeko utahitaji kuuwahisha.

ba_salma_majengo
Kweli, uanze kumzoea upya. Na chomeka chaja, stima ikipotea katikati ya pambano betri ya mtumba haingoji.