Mtoto wa jicho: mliofanyiwa upasuaji au kuuguza, tupeane uzoefu

MkaziWaIgogo
Wakuu, salaam. Mama yangu ana miaka 68, yuko Magu. Tangu mwaka jana analalamika moshi umejaa ndani hata jiko likiwa limezimwa. Juzi kampokea mkwewe akidhani ni jirani kaja kuomba chumvi. Tukampeleka kliniki ya macho, wakasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, wakatupa tarehe ya kuanza na la kushoto. Sasa kagoma. Kuna mtu kamwambia daktari analing'oa jicho, analiweka kwenye sahani, analisafisha halafu analirudisha. Mliopitia, semeni yaliyowakuta, nitamsomea mwenyewe.

BintiNansio
Hiyo sahani hata kwetu Ukerewe ipo 😂. Mwambie mama jicho halitoki mahali pake. Nesi alinichorea nyuma ya kadi ya bibi: ndani, nyuma ya mboni, kuna lenzi ambayo ujanani ni angavu kama maji. Umri ukienda inaingia ukungu. Ukungu wenyewe ndio huo mtoto wa jicho, na kwa kuwa uko ndani, hakuna dawa ya matone wala majani yatakayoufikia. Wanapasua kidogo pembeni, wanaitoa hiyo lenzi, wanaweka ya bandia inayokaa humo maisha yote. Kabla ya siku yenyewe wanalipima jicho ili wajue lenzi ya nguvu gani itamfaa.

Bibi alikuwa anachambua dagaa kwa kupapasa, mchanga tunautafuna sisi. Asubuhi walipomtoa bandeji alikaa kimya, anafumba jicho hili, anafumbua lile, anatazama kanga yake. Akaniuliza nimembadilishia saa ngapi. Kanga ni ileile! Kwa jicho bovu aliiona ya njano, kwa jicho jipya nyeupe.

MzeeWaMwaloni
Mimi sisimuliwi, nimelala kwenye kitanda hicho mwenyewe. Nilitiwa matone ya kupanua mboni, kisha sindano ya ganzi pembeni ya jicho. Hiyo sindano inauma, nisimdanganye mama, ila ni kwa muda mfupi, halafu jicho linakuwa zito kama si lako. Hawakunilaza usingizi. Wanakufunika uso kitambaa, kuna joto chini yake, unaona mwanga tu. Kilichonishangaza ni maji kunitiririkia hadi sikioni. Nilikuwa na kikohozi, nikaambiwa nikitaka kukohoa niseme kwanza. Kazi yenyewe haikufika nusu saa, na jioni nikala ugali nyumbani.

Kesho yake niliona ukunguukungu nikajua nimeibiwa. Ilichukua kama wiki hivi kutulia. Mbali naona mitumbwi vizuri, ila kusoma simu bado navaa miwani, maana lenzi niliyowekewa ni ya mbali.

Shida iko nyumbani. Matone kwa wiki kadhaa, mikono inaoshwa kwanza kila mara. Usisugue jicho, usimwagie maji usoni, ziwani usiogee. Na usinyanyue mzigo, mimi mtu wa magunia ya dagaa! Siku jicho likiuma sana, likiwa jekundu, au ulichokuwa unaona kikaanza kupotea, rudi hospitali siku hiyohiyo. Usisubiri tarehe ya kadi.

DerevaWaKisesa
Shikamoo mzee. Naongezea la sukari. Baba alirudishwa mara mbili kwa kuwa sukari ilikuwa juu, kidonda kingeweza kuchelewa kupona na kupata maambukizi. Kama mama ana sukari au presha, anzeni kuishusha sasa, na nauli zenu zitapona. Halafu kuna hii ya "subiri liive". Baba alisubiri miaka mitatu mpaka mboni ikawa nyeupe kama uji wa mchele. Daktari akatuambia hayo ni mambo ya zamani: siku hizi ukungu ukianza kukuzuia kazi zako, unafanyiwa. Lenzi ikishakuwa ngumu inawatesa zaidi kuitoa.

Mgeni
Sisi yetu haikwisha vizuri, na kituo sikitaji. Shangazi alifanyiwa, kidonda kikapona safi, lakini bado haoni. Kumbe nyuma ya huo ukungu mshipa wa jicho ulikuwa umeshaharibiwa na presha ya jicho, na hiyo ikishaharibu hairudi. Hakuna aliyetuandaa. Muulizeni daktari waziwazi: presha ya jicho imepimwa? Nyuma ya jicho pakoje? Atarajie kuona kiasi gani?

BintiNansio
Pole sana. Nami nilisahau: bibi baada ya miaka miwili kaanza tena kuona ukungu, tukadhani umerudi. Haurudi. Ni kile kifuko kilichoishika lenzi kimepoteza uangavu. Akapigwa leza, dakika chache tu, bila kisu.

MkaziWaIgogo
Mzee wa Mwaloni, shikamoo na asante. Nimemsomea yote, ya sindano sikuificha. Kwenye kanga alicheka mpaka akajifuta machozi. Mgeni, maswali yako nimeyaandika nyuma ya kadi. Mama kabakiza moja tu: siku hizo zote asipoinamia moshi wa kuni, nani atapika? Dada anavuka kutoka Sengerema Jumamosi.